Baba Gladness Afyeka Matete

Kivukoni, kando ya Mto Kilombero, nani asiyemjua Agapiti, baba yake Gladness? Anajulikana kwa uvuvi, na anajulikana zaidi kwa usafi. Uwanja wake haukosi alama za ufagio. Hata mtumbwi wake huusugua kwa mchanga kila akitoka mtoni. Majirani humtania kwamba siku moja atawaosha samaki kwa sabuni.

Asubuhi moja alirudi na kapu jepesi. Mke wake, Theodosia, alichungulia ndani.

"Baba Gladness, hawa ni vitoga au watoto wa vitoga?"

Agapiti hakucheka.

"Samaki wamepungua, mke wangu. Tumevua miaka mingi kwa nyavu za matundu madogo. Sasa tunayaona matokeo yake. Tukimaliza kuvuna mpunga, nakwenda bwawa la Mtera, nikakae dago, kwenye kambi ya wavuvi."

Begi lake jeusi lilikuwa limeshapangwa nguo. Lilining'inia nyuma ya mlango. Theodosia kila akiliona roho ilimuuma. Wanaume waliokwenda dago walikaa mwaka, wengine zaidi. Hakutaka Gladness akue bila baba nyumbani.

Siku hiyo mchana alikuja Omega, binti wa jirani. Omega amesomea kuongoza watalii na anafanya kazi hiyo Ifakara.

"Hodi! Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa," alisema Theodosia.

"Baba, nimekuja na habari njema. Kuna wageni wanapita Ifakara. Wanataka kutembezwa mtoni kwa mtumbwi, kisha wale chakula cha hapa hapa. Nimezungumza na viongozi wa kijiji. Wamekubali tuanzishe kikundi. Mwenye mtumbwi atapata chake, mpishi atapata chake, na sehemu itaingia kwenye mfuko wa kijiji."

"Mtoni wanataka kuona nini?" aliuliza Agapiti.

"Kwera wa Kilombero. Yule ndege mdogo wa njano. Hapatikani mahali pengine duniani, ni kwenye bonde letu tu."

Theodosia aliangua kicheko.

"Ndege! Mimi nashinda shambani nikipiga debe ili ndege wasile mpunga wangu. Kumbe kuna watu wanapanda ndege kuja kutazama ndege?"

"Wanaokumalizia mpunga wengi ni kwelea kwelea, mama. Huyu ni mwingine."

"Sasa niache kuvua?" aliuliza Agapiti.

"Usiache, baba. Na mpunga msiache. Mvua zikikolea wageni hawaji. Hii ni njia ya tatu tu. Moja ikiyumba, nyingine inawashika mkono."

Agapiti alifikiri, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Sawa. Tuwajaribu hao wageni. Wakifurahi wakasema watarudi, siendi Mtera. Wasipofurahi, begi langu liko tayari."

Theodosia alianza kuwaombea wageni wale kabla hata hajawaona.

Siku moja kabla ya wageni kufika, nyumba nzima ilikuwa mbioni. Theodosia alipepeta mchele mpaka mikono ikauma. Agapiti alichukua fyekeo lake akashuka mtoni. Kwao, mgeni akija, majani lazima yafyekwe. Mgeni atakanyagaje majani kama hana wenyeji?

Basi alifyeka. Akafyeka njia, akafyeka ukingo, akafyeka matete yote yaliyozunguka mahali anapofunga mtumbwi. Aliyakusanya, akayachoma. Ukingo ukabaki mweupe kama uwanja wa mpira. Agapiti alisimama katikati, mikono kiunoni, amefurahi kweli kweli.

Jioni Omega alikuja kukagua. Alifika ukingoni akasimama.

"Baba, matete yako wapi?"

"Nimeyamaliza! Umeona panavyong'aa? Kesho wageni watauona mto bila kizuizi."

Omega alishika kichwa.

"Baba, kwera anasuka kiota chake kwenye matete. Hapa ndipo walipokuwa wakiishi. Wageni wanakuja kuyaona hayo hayo matete."

Agapiti alitazama huku na huku. Juzi tu mahali hapa palikuwa na kelele za ndege tangu alfajiri. Sasa palikuwa kimya. Aliliweka fyekeo chini.

"Nimewafukuza wenyeji ili nikaribishe wageni," alisema kwa uchungu.

"Nami nina kosa," alisema Omega. "Nilizungumzia ndege, sikuzungumzia nyumba yake. Mgeni wa namna hii hataki tumpambie mto. Anataka aukute ulivyo. Tukikata matete, ndege wanaondoka, ukingo unamomonyoka, na samaki wadogo wanakosa pa kujificha."

Neno hilo la samaki lilimchoma Agapiti zaidi. Alikaa chini akafikiri. Mto anaujua kuliko anavyoijua njia ya kwenda sokoni. Ghafla aliinuka.

"Kule juu, karibu na anaponywesha Shilinde, kuna matete mengi. Kwera wapo, nawasikia nikitega. Lakini ng'ombe wake hushuka pale kila asubuhi. Watawatimua wote."

Shilinde ni mfugaji, Msukuma. Yeye na Agapiti walikuwa hawajazungumza tangu ng'ombe walipokanyaga nyavu. Theodosia, aliyekuwa amewafuata ukingoni, alilijua hilo.

"Nenda, Baba Gladness," alimwambia. "Hasira zako ziache hapa, nitakutunzia."

Agapiti alipanda baiskeli akaenda.

"Mwadila," alisalimia kwa Kisukuma, ulimi ukimkwama.

Shilinde alitabasamu. "Mwadila. Leo umenikumbuka?"

Agapiti alimweleza yote bila kuficha. Shilinde alicheka mpaka akafuta machozi.

"Umefyeka nyumba ya ndege uliyemwalikia watu! Ng'ombe wangu hawajawahi kufanya hilo."

"Basi nisaidie, ndugu yangu. Kesho wanyweshe upande wa chini."

"Kesho nitakusaidia. Na keshokutwa? Wageni wako mimi watanifaa nini?"

Agapiti alimpigia Omega simu, akampa Shilinde waongee. Omega alimweleza kwamba kikundi ni cha kijiji kizima, wakulima, wavuvi na wafugaji. Nyamizi, mke wa Shilinde, angeweza kuwauzia wageni maziwa ya mgando.

"Hapo sawa," alisema Shilinde. "Mto ukinilisha na mimi, nitaulinda na mimi."

Asubuhi wageni walifika, mke na mume wa makamo. Omega aliwavalisha jaketi okozi kabla hawajapanda mtumbwi. Agapiti alisimama nyuma na upondo wake. Aliwapitisha mbali na viboko, kwa kuwa anajua wanapolala. Walipofika kwenye matete, hakukuwa na ng'ombe hata mmoja.

Walisubiri. Agapiti aliushikilia mtumbwi kwa upondo usisogee.

Kwera wa kwanza alitokea na jani mdomoni. Akafuata mwingine, na mwingine tena, wakasuka na kugombana. Yule mama mgeni alimshika mume wake mkono na machozi yakamtoka. Agapiti alishangaa. Ndege wale aliwaona tangu utotoni, lakini siku hiyo aliwatazama kama hajawahi kuwaona.

Mchana walikula wali wa Kilombero na kitoga wa kuchemsha, wakashushia maziwa ya Nyamizi. Waliomba waongezewe. Walipoaga walisema watarudi na rafiki zao.

Tangu hapo kikundi kimekua. Mkutano wa kijiji uliamua matete ya ukingoni yasikatwe wala kuchomwa. Ng'ombe wamepewa njia yao ya kushukia mtoni. Agapiti bado anavua, sasa kwa nyavu za matundu makubwa. Theodosia bado analima mpunga, na wageni wakija anapika.

Mvua zilipopita, matete ya Agapiti yaliota upya. Asubuhi moja aliamka akasikia kelele ukingoni. Alitaka kulichukua begi lake nyuma ya mlango, hakuliona.

"Mama Gladness! Begi langu la Mtera liko wapi?"

"Liko kwenye mtumbwi," alijibu Theodosia kutoka jikoni. "Nguo zako nimezirudisha sandukuni. Humo natunzia jaketi okozi. Unalitafutia nini?"

"Nilitaka kutilia jaketi hizo hizo," alisema Agapiti. "Kwera wamerudi. Leo nataka nikutembeze wewe."