Kadi Iliyofungua Chumba cha Sumaku

"Nyenje, chumba cha sumaku kimefunguliwa."

"Na nani?"

Mkuu wa Idara ya Ujasusi alishusha sauti kwenye simu. "Kwa kadi yako."

Nyenje alipapasa mifuko ya koti. Kadi haikuwemo.

Saa saba mchana, watafiti wote wakiwa kantini, alipanda ngazi za maabara mbio. Jumapili iliyopita alikula kwa mjomba wake, Profesa wa maabara hiyo, kisha akasinzia kwenye kochi. Koti lake lilikuwa limetundikwa mlangoni.

Hapana. Si Mjomba. Mjomba ndiye aliyemlea.

Aliacha bastola kwenye kabati la nje, kama kanuni ya chumba kile ilivyotaka. Akausukuma mlango.

Profesa alikuwa ameshika diski yenye michoro ya sumaku aliyoibuni mwenyewe. Mbele yake alisimama mgeni mwenye suti ya kijivu. Nyenje alimjua kwa picha za Idara: wenzake waliitaka sumaku ile kwa kazi moja tu: kupofusha rada za jeshi.

Mgeni alichomoa bastola, Beretta.

"Kwa nini, Mjomba?"

"Kwenye nyota zilizokufa, mwanangu, sumaku ni kali ajabu. Atomi mbili za heliamu, ambazo hapa hazitakani kabisa, kule zinaweza kushikana zikawa molekuli. Nimelihesabu jambo hilo miaka ishirini. Hapa wamekataa kunijengea mtambo mkubwa zaidi. Hawa wamekubali."

"Na kadi yangu?"

Profesa alitazama viatu vyake. "Wewe ni mtu wa Idara. Nilijua watakusamehe."

"Ulijua nitafungwa."

Profesa alimnyooshea mgeni diski.

 Nyenje angevumilia risasi kuliko usaliti ule.

Mgeni alisogea mbele, akavuka mstari mwekundu sakafuni, mpaka wa nguvu za sumaku. Nyenje alibamiza swichi ya mtambo ukutani.

Mtambo ulinguruma. Beretta ilimchomoka mgeni mkononi, ikaruka, ikagonga chuma cha mtambo na kunata.

Paa!

Kabla mgeni hajafumba mdomo kwa mshangao, kiwiko cha Nyenje kilimpata shingoni. Akaanguka kama gunia. Nyenje alizima sumaku, akamfunga mikono, akaichukua diski.

"Kazi imekwisha," alimripotia Mkuu kwa simu. "Leteni gari. Watu wawili."

"Mama yako asijue," Profesa alinong'ona. "Mwambie nimesafiri. Nakuomba."

Nyenje alibonyeza jina kwenye simu yake, akaiweka kiganjani mwa Profesa.

"Haloo?" ilisikika sauti ya mama yake, changamfu. "Mwanangu, umeshakula?"

Profesa alijaribu kumrudishia simu. 

"Mwambie wewe," Nyenje alisema.

Akavaa miwani yake ya jua, akatoka kuwasubiri wenzake mlangoni.