Mpira Haujafika Kwako

"Hajafika hapa," shangazi wa mke wangu akaniambia kwenye simu. "Tangu mwezi uliopita sijamtia machoni."

"Shangazi, ameniaga anakuja kwako umsuke."

"Nimsuke kwa vidole gani, mwanangu? Hivi vya baridi yabisi, hata kikombe vinakiogopa?"

Nikakata simu bila kuaga. Nilikuwa kibandani kwangu, kochi la mteja limelala chali, sponji nje nje, misumari mdomoni. Nikaitema yote kwenye kopo. Mke wangu kanidanganya, na mimi nilijua yuko wapi na yuko na nani. Nilichokuwa sijui ni viatu vyangu viko wapi.

Ngoja niwaeleze. Mke wangu anasomea shahada ya kazi za vijana na uongozi katika jamii, mwaka wa tatu, wa mwisho. Mwanzoni nilijisifu mtaa mzima kwamba nimeoa msomi, mpaka jina likawa hilo hilo, Msomi. Sikujua kwamba masomo yenyewe hayakai kwenye madaftari. Yako kwenye ukumbi wa kituo cha vijana, katikati ya vijana wa kiume wenye vifua vipana wanaomwita "dada" kwa sauti nzito. Juu yao kuna mkufunzi wake, mtu wa mashati yaliyonyooka na sauti ya chini chini. Kila Alhamisi anampigia simu, na akipiga tu, Msomi anatoka nje na kuufunga mlango. Aliniambia wanazungumzia siri za vijana, haziruhusiwi kusikiwa na mtu mwingine. Mimi katika maneno yote hayo nikasikia moja tu, siri.

Simu yake nilikuwa naichungulia, sitaficha. Alhamisi ya wiki ile nikakuta ujumbe wa mkufunzi: "Jumamosi saa nne. Hii ni nafasi ya mwisho. Safari hii tafadhali uje peke yako."

Peke yako! Nikameza, nikangoja aniambie mwenyewe. Jumamosi asubuhi akajifunga kilemba, akaniambia anaenda kwa shangazi kusukwa.

Nilifika kituoni jasho linanitiririka, nikausukuma mlango wa ukumbi kwa bega. Viti kama ishirini vilikuwa vimepangwa duara, vijana wamekaa, Msomi miongoni mwao. Mkufunzi alikuwa peke yake pembeni, karatasi mapajani, anaandika. Ubaoni kuna maneno: NINACHOOGOPA KUPOTEZA.

"Kumbe hapa ndiyo kwa shangazi," nikasema.

Msomi alibadilika uso, lakini mdomo hakufungua. Binti mmoja wa kama miaka kumi na tisa, aliyekuwa amepakata mpira mkuukuu, akanitazama bila hofu yoyote.

"Mpira haujafika kwako, kaka."

Nikauliza mpira gani tena. Akanieleza kwa heshima zote kwamba mwenye mpira ndiye anayesema, wengine wanasikiliza, hata dada akitaka kusema anausubiri. Sheria wameitunga wenyewe, na haina mkubwa.

Nilimtazama mke wangu nikitaka alie, au anifukuze, nipate pa kuanzia ugomvi. Yeye akainuka, akavuta kiti, akakiweka kati ya vijana wawili na kunionyesha kwa mkono. Nikakaa. Kiti kilikuwa kibovu, sponji imekufa kabisa, na nina aibu kusema kwamba hata katika hasira zile nilikipima.

Yule binti akaendelea. Aliyoyasema nimemwomba ruhusa ya kuyarudia, naye amenipa.

"Nilikuwa na mchumba, ananihesabia dakika," akasema. "Nikichelewa dukani, kesi. Nikisema ukweli, kesi. Nikidanganya, kesi. Nikaona bora nidanganye, angalau nipumzike mpaka agundue. Sikuwa na mtu mwingine. Mpaka leo haamini."

Mpira ukasogea. Waliofuata walisema yao, na hayo siyatoi, ndiyo sheria. Kwanza hata sikuyasikia vizuri, maana nilikuwa nimeiona ile karatasi mapajani kwa mkufunzi. Ilikuwa na safu za alama.

Ndipo nikakumbuka. Miezi miwili kabla, Msomi alipimwa hapo hapo namna anavyoongoza vijana, nami nikajifanya namsindikiza. Nilikaa mlangoni, na kila kijana wa kiume aliyecheka naye nikamkoholea. Vijana wakanyamaza mmoja mmoja mpaka kipindi kikafa. Akafeli. Akaniambia anaruhusiwa kurudia mara moja tu, akifeli tena miaka mitatu imekwenda na maji. Nami nikawalaumu watu wa chuo kwamba wana roho mbaya. Uje peke yako. Ee Mungu wangu, aliyekatazwa kuja nilikuwa mimi.

Mpira ukatua mapajani pangu.

"Ninachoogopa kupoteza ni huyo hapo," nikasema, sauti inakwaruza. "Mara ya kwanza nilikohoa mpaka akafeli. Leo nimeacha kazi ya watu nikaja kumfumania, nimemfumania anafanya mtihani. Mwalimu, ngumi yako nilikuja nayo. Kama kuna alama za kukata, nikatwe mimi."

Kijana mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Nikampa mpira aliyekaa kulia kwangu, nikainamisha kichwa mpaka mwisho.

Tulipofika nyumbani Msomi akaokota kipande cha sponji kwenye mfuko wangu wa kazi, akakipakata.

"Huu ndio mpira, na uko kwangu. Nilikudanganya, nimejichukia njia nzima. Lakini sikuficha mwanamume, nilificha mtihani. Nilikuwa namwogopa mume wangu kuliko mkufunzi, na sitaki kuishi hivyo. Ukinifuata tena, ukiigusa simu yangu tena, nitakwenda kwa shangazi kweli. Na nitakaa huko."

Nilikuwa na majibu kumi. Sponji akaishikilia, na nikangoja. Aliponirushia, majibu yote yalikuwa yamekwisha.

"Nimesikia, mke wangu," nikasema. "Nisamehe."

Hakusema amesamehe. Aliingia jikoni, akapika cha watu wawili.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nyumbani nagongea miguu ya stuli simu yake ilipoita. Akatoka nje, akafunga mlango. Nisiwadanganye kwamba wivu ulikuwa umeisha. Nilipinda misumari miwili na kujigonga kidole gumba. Lakini mlango sikuusogelea.

Akarudi macho yamelowa, simu mkononi.

"Ameniandikia na matokeo kabisa," akasema, akininyooshea. "Chukua, soma."

Mkono ulikuwa umeshaanza kwenda. Nikaurudisha, nikaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Nisomee wewe."

Akavuta ile stuli isiyo na mguu mmoja, akakaa kwa kuegemea bega langu, akasoma polepole: "Hongera, umefaulu. Ulimwongoza hata aliyeingia bila hodi. Msalimie."

"Rudia," nikamwambia. "Hapo kwenye umefaulu."