Kona ya Nyuma Kushoto

Haya sikuyasoma popote, wala sikusimuliwa na mtu wa njiani. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na mkono wangu umo.

Mimi ni fundi wa springi. Wako mafundi wa injini, wa umeme na wa rangi. Mimi kazi yangu ni kuinua magari yanayokwenda porini. Miaka kumi na tisa nimelala chali chini ya magari ya watu, mpaka gerejini wananiita Springi na jina langu wamelisahau. Na miaka yote hiyo kila anayekuja anataka inchi nyingi. Mtu safari yake ni ya nyumbani hadi dukani, lakini anataka gari refu la kupandwa kwa ngazi. Huwa nawaambia neno moja tu: gari huinuliwa kwa kipimo cha njia, si kwa kipimo cha majivuno.

Kwa hiyo Jumanne ile asubuhi, shemeji alipoingia na pikapu yake ya milango minne akasema anataka inchi nne, nilicheka. Yeye na dada wanafuga kuku juu ya kilima, ng'ambo ya korongo. Daraja la barabara kuu lilikuwa limesombwa na maji, na kuzunguka mpaka hospitali ilikuwa safari ya saa tatu. Shemeji ni mtu asiyejua kungoja. Alikodi katapila, akapasua njia yake ya mkato kichakani, na safari ikawa dakika arobaini. Dada naye alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya miaka tisa ya kuulizwa na watu "vipi, bado?" Siku uchungu utakapomshika, ni njia ile na gari lile vya kumfikisha. Hatukuwa na mpango mwingine.

Tatizo, alisema shemeji, ni tuta moja katikati ya njia. Linakwaruza gari chini. Alikuwa amelipima kimo kwa futi, akaniandikia kipimo.

Nikamweleza. Inchi nne hupita juu ya karibu kila kitu, lakini springi zake ni ngumu, gari linarusha, linayumba kwenye kona, na mwenye tumbo kubwa hapandi bila kuwekewa kigoda. Inchi mbili ni laini na mlango haupo mbali na ardhi, ila hupita juu ya vitu vidogo tu. Dada mwenyewe alikuwa ameshatuma salamu kwamba yeye si mbuzi wa kuparamia majabali. Shemeji akang'ang'ania nne. Nikamwambia tusigombane, chokaa itaamua.

Hiyo ndiyo njia yangu, niliirithi kwa mzee aliyenifundisha kazi. Unalipaka gari chokaa chini, kote. Mwenye gari anapita njia yake siku mbili. Akirudi, unalala chini na tochi kuangalia palipofutika. Palipofutika ndipo panapoguswa, na kutoka hapo kuchagua inchi ni hesabu ya mtoto wa shule.

Alhamisi akarudi, nikalala chini. Chokaa yote ilikuwapo isipokuwa mahali pamoja: sakafu ya gari, chini ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Palifutika kiasi cha kiganja.

Hapo ndipo ningepaswa kusimama. Kitu kilicho chini kuliko vyote kwenye pikapu ile ni difu, lile boga la chuma katikati ya ekseli. Tuta likigusa, linagusa difu kwanza. Sakafu iko juu yake sana. Na difu zote mbili zilikuwa nyeupe, hazina hata mkwaruzo. Nilijiambia ni jiwe limerushwa na tairi, kwa sababu fundi anayetaka jibu hakosi jibu. Nikafunga inchi mbili, nikapaka chokaa upya, shemeji akaondoka amenuna.

Wiki moja baadaye alikuwa mlangoni tena. Tuta limekua, alisema. Analisawazisha kwa koleo jioni, asubuhi limesimama. Nikaingia chini ya gari. Mahali pale pale, ambapo sasa pako juu ya ardhi kwa inchi mbili zaidi, palikuwa na mistari minne iliyofutika sambamba. Kila mmoja ulikuwa mwembamba, na mfupi kuliko kidole changu kidogo.

Jumamosi nikafuatana naye kwenda kuliona. Tulifika saa sita mchana, jua la utosi, hakuna hata kivuli cha kujidanganya nacho. Tuta lilikuwa dogo, urefu wake hatua moja tu ya mtu mzima. Udongo wake ulikuwa laini, umechekechwa. Alama za tairi zilipita kulia na kushoto kwake. Juu yake hapakuwa na alama yoyote, ingawa shemeji aliapa kwamba asubuhi ile amelikanyaga makusudi, mara tatu. Nikatoa futi yangu nikapima kimo chake. Lilikuwa limezidi kipimo cha kwanza cha shemeji kwa inchi mbili kamili. Zile zile nilizoongeza mimi.

"Shemeji," nilisema, "hapa palikuwa na nini kabla ya katapila?"

Akaangalia tairi. "Mawe."

"Ya kuzagaa?"

"Yamepangwa." Bado alikuwa akiangalia tairi. "Na moja limesimamishwa upande wa kichwa."

Nikamuuliza yalichukua urefu gani.  Alitanua mikono kidogo, kama mtu anayepima nguo ya mtoto dukani, halafu akaiingiza mfukoni haraka.

Nilimkasirikia, sitaficha. Nilimwambia mficha uchi hazai, na yeye mkewe yuko miezi minane. Nikamtaka ayarudishe mawe ya watu mahali pake siku hiyo hiyo. Akaniambia hawezi. Yalikuwa mawe mazuri, ya ukubwa mmoja. Alikuwa ameyashindilia chini ya sakafu ya udongo ya chumba kipya, kile alichomjengea mtoto.

Ningeweza kumshika mkono tukaenda kuifumua sakafu ile. Nalifikiria jambo hili kila siku. Lakini tarehe ya dada ilikuwa imekaribia, na mimi ni fundi wa springi; kila shida nailetea jeki. Nilimwambia sawa, lete gari Jumatatu, tufunge nne.

Tukafunga nne. Nilipima kona zote, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, nikaandika vipimo kwa kalamu nyeusi ndani ya kila madigadi. Zilikuwa sawa, hazikupishana hata unene wa ukucha. Sikupaka chokaa. Sikutaka kuona.

Springi mpya hukazwa nati tena baada ya siku chache, kwa hiyo Ijumaa nilipanda kilimani na spana zangu. Nilikuwa sijamaliza nati ya mwisho dada alipotoka nje ameshika kiuno, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, lete kigoda." Ilikuwa saa saba mchana.

Tulimpandisha wawili, akajilaza kiti cha nyuma, kichwa kulia, miguu kushoto. Mimi nikakaa mbele. Shemeji akaendesha, midomo ikicheza bila sauti. Gari lilirusha kweli. Kila shimo dada aliguna, na kila guno lilinichoma, maana ugumu ule niliufunga kwa mikono yangu.

Tukafika kwenye tuta.

Lilikuwa limeinuka kuliko Jumamosi. Shemeji akapunguza mwendo. Magurudumu ya mbele yakapita. Hakuna kugusa. Yakafuata ya nyuma. Hakuna kugusa. Hata unyasi haukukwaruza. Shemeji akashusha pumzi. Mimi pia.

Kisha gari likainama.

Halikugonga. Halikuzama shimoni. Kona ya nyuma kushoto ilishuka taratibu, ikatulia. Nimeishi na springi miaka kumi na tisa. Najua gari likipandwa na mtu.

Sikugeuka. Nilikuwa naogopa, basi. Nikamsikia dada nyuma akivuta miguu yake, akiikunja, kama mtu anayempisha mwenzake kitini.

"Msisimame," alinong'ona. "Twendeni tu."

Tukaenda. Saa tisa alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Shemeji alilia mbele ya wauguzi bila haya, na mimi nilimshika bega nikalia naye. Kwa muda huo niliamini tumepona.

Nilipotoka nje nikapita kwenye gari. Halikuwa na mtu, halikuwa na mzigo. Kona ya nyuma kushoto ilikuwa chini kwa inchi moja na nusu. Jioni ile nililipeleka gereji, nikafungua springi, nikaweka nyingine mpya kabisa, na shokapu yake. Inchi moja na nusu. Nikahamisha ya kulia kwenda kushoto. Inchi moja na nusu. Nikaosha mikono, nikafunga gereji mapema.

Siku ya tatu tuliwachukua dada na mtoto kuwarudisha kilimani. Pale kichakani tuta halikuwapo tena. Palikuwa na kishimo tu, hatua moja ya mtu mzima, kimebonyea katikati. Shemeji alishukuru kwa sauti. 

Uani, dada alishuka na mtoto kifuani. Alikwenda hatua tatu, akasimama, akageuka, akaangalia mlango wa gari uliokuwa wazi. Alingoja kidogo. Halafu akaendelea kutembea, polepole zaidi. Nyuma yangu nikasikia springi ikilia. Kona ya kushoto ilikuwa inapanda. Nilichukua futi nikapima. Kona zote nne sawa.

Kitanda cha dada na mtoto kiko kwenye kile chumba kipya. Wiki ya pili nilikwenda kuwaona, nikakuta kimelala upande mmoja. Mguu wa nyuma kushoto ulikuwa umezama kwenye sakafu, inchi moja na nusu. Nilimsihi dada tuifumue sakafu sasa hivi, tuyarudishe mawe, tumwite mtu wa dini, tuhame, lolote. Alikuwa akimnyonyesha mtoto kwenye ukingo wa kulia kabisa wa godoro, karibu aanguke. Upande wa kushoto, shuka lilikuwa limebonyea mahali padogo na halikurudi juu.

"Alinyang'anywa pake," alisema dada kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto. Sijui ni mtoto yupi. "Nimempa hapa pembeni. Usimwambie shemeji yako."

"Na mtoto?"

"Mtoto halii usiku. Anabembelezwa." Akanitazama, na macho yake yalikuwa yamechoka mno. "Nikimkataa huyu, unadhani atamwacha yule?"

 Nikachonga kibao cha inchi moja na nusu, nikakiingiza chini ya mguu wa kitanda, kikakaa sawa. Nilitaka dada yangu alale pasipo mteremko. Ndicho pekee nilichojua kufanya.

Kliniki wanasema mtoto anaongezeka uzito vizuri. Mwezi wa tatu dada aliomba kibao cha inchi mbili. Mwezi wa tano, mbili na nusu. Kile cha zamani huwa kimezama chote, sijawahi kukiona tena. Wanakua pamoja.

Jana mchana alinipigia simu. Mtoto ameanza kuketi mwenyewe, alisema, na kitanda kimeinama tena, anaomba kibao kingine. Nikamuuliza cha inchi ngapi.

"Subiri," alisema. Akageuza uso kutoka kwenye simu, na nikamsikia akinong'ona kwa upole, kama anavyomwambia bintiye: "Mjomba anauliza. Unataka inchi ngapi?"

 Halafu nikasikia mbao ya kitanda ikigongwa kutoka chini, polepole, moja moja.

"Nne," alisema dada aliporudi kwenye simu. Lakini nilikuwa nimeshahesabu.