Shamba la Bondeni na Ada ya Mwaka wa Pili

Ukungu ulikuwa bado umetanda kijijini Mponde, kwenye milima ya Usambara, na Sabra alikuwa akichuma chai tangu alfajiri. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mgongo ulimuuma. Tangu amalize kidato cha nne, kazi yake ilikuwa hiyo: kuchuma chai na baba, kulima na mama, na kusikiliza ushauri wa watu. Ushauri ndio uliomchosha zaidi.

Sabra alikuwa amepata nafasi mbili za kusoma. Ya kwanza ni chuo cha ualimu cha serikali, upande wa Korogwe. Ya pili ni chuo cha mtu binafsi huko Dar es Salaam, cha uhasibu na kompyuta. Miaka hiyo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na vyuo vya watu binafsi vilichipuka kama uyoga. Sabra aliutaka uhasibu. Baba yake, mzee Kassimu, aliutaka kuliko yeye. Alikuwa ameshatangaza kwenye banda la kupimia chai kwamba binti yake anakwenda Dar. Na likisemwa pale, limesikika kijiji kizima.

"Ada ipo," alisema baba. "Tutauza shamba la bondeni. Rajabu, mkulima mwenzangu, analitaka. Jumamosi anakuja na mashahidi."

Shamba la bondeni lilikuwa la mama, Mwanahawa. Alipewa alipoolewa, ili alishe nyumba yake. Baba hakuweza kuliuza mama asipokubali. Lakini mama alikubali papo hapo.

"Ni kwa ajili ya mtoto," alisema, akaenda kulala.

Kesho yake Sabra alimkuta mama bondeni, anapanda miche ya kabichi.

"Mama, mbona unapanda? Si linauzwa Jumamosi?"

"Udongo haujui kama unauzwa," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Ukiuacha, unaota magugu."

Sabra alishika miche, wakapanda pamoja. Alitamani mama angekataa. Mtu akikataa unaweza kubishana naye. Huyu aliyekubali, utamwambia nini?

Jioni alipita kwa jirani yao, Mama Nikodemo, muuguzi wa zahanati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepooza hivyo?"

Sabra akaeleza yote. Mama Nikodemo alisikiliza, kisha akauliza, "Chuo cha Dar ni miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Na bei ya shamba inalipa miaka mingapi?"

Nyumbani hakuna aliyeuliza hivyo.

"Mmoja," alisema Sabra.

"Na utalala wapi? Utakula nini? Ada ya mtihani je? Nauli ya kurudi likizo? Hiyo yote ni gharama ya chuo, ingawa haiitwi ada." Mama Nikodemo akashusha pumzi. "Sisi tuliuza shamba la chai ili Nikodemo asome. Mwaka wa kwanza alisoma vizuri. Mwaka wa pili ada ikakosekana, akarudi nyumbani. Tukabaki na kijana asiye na cheti, na chai hatuna. Mtu asikwambie huo ni ujinga. Ni mapenzi, lakini mapenzi yasiyopiga hesabu."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Kabla ya kuuza, ulizeni. Nendeni Lushoto, ofisi ya elimu. Ulizeni kama chuo hicho kimesajiliwa na kama cheti chake kinatambuliwa. Ulizeni gharama ya miaka yote, si ya muhula mmoja. Mkishajua, mtachagua."

Sabra alirudi nyumbani akiwa na hofu. Baba alikuwa anakunywa uji.

"Baba, samahani. Mwaka wa pili tutauza nini?"

Mzee Kassimu aliweka kikombe chini. "Mungu atajalia."

"Na asipojalia shamba lingine?"

"Sabra, nimeshawaambia watu."

"Watu hawatalipa ada, baba."

Mama aligeuka jikoni, akamwangalia mumewe. Sabra alingoja kukemewa. Baba hakukemea. Alijifuta uso kwa kiganja, akaonekana mzee ghafla.

"Nimechoka, mwanangu," alisema. "Nilitaka mtu mmoja wa nyumba hii asichume chai. Mmoja tu."

Sabra alilia. Baba naye aliangalia pembeni.

Jumamosi Rajabu alifika na mashahidi wake wawili. Baba aliona haya, lakini alisema, "Nisamehe, mghoshi, mzee mwenzangu. Hatujamaliza kuuliza." Rajabu alinuna kidogo, akanywa chai, akaondoka.

Jumatatu baba na binti walikwenda Lushoto. Ofisa elimu aliwaeleza kwamba chuo cha Dar kilikuwa bado hakijasajiliwa. Katika chuo cha ualimu, serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama, na mzazi alichangia kidogo kila mwaka. Baba alipiga hesabu kwa vidole. Kabichi na maharage ya bondeni yangetosha mchango huo, kama wangejibana.

Sabra alichagua ualimu, lakini hakurukaruka kwa furaha. Uhasibu aliupenda, na kuuacha kulimuuma. Ila alilala usingizi, jambo ambalo hakuwa amelipata kwa majuma mengi. Pale kwenye banda la chai watu walimcheka baba mwezi mzima. Alivumilia.

Mwaka wa pili ulipoanza, Sabra alirudi chuoni na mchango wake mkononi. Mama alimsindikiza hadi barabarani, amebeba sanduku kichwani. Mikono yake ilikuwa na mipasuko, na udongo haujatoka kwenye kucha.

"Mama, umechoka sana," Sabra alisema.

"Nimechoka, ndiyo," mama alijibu, akishusha sanduku. "Lakini nimechokea shambani kwangu."