Kutu ya Miaka Mia Tatu

Harufu ya ukwaju ilimpokea Naheed mlangoni, na siku hiyo nyumbani hakukupikwa kitu cha ukwaju. Aliingia jikoni na koti lake la baridi mwilini. Mama yake, Bi Shahbanu, alikuwa mezani, mbele yake zile sinia za shaba alizokuja nazo kutoka Tanga, zote zinang'aa. Juu ya sinia moja kilikuwa kile chuma alichokileta Naheed kutoka kazini.

"Nimekusafishia na hiki, mwanangu," alisema mama. "Kimejaa kutu, aibu kumrudishia mtu hivyo."

Kilikuwa kikingio cha upanga wa Kijapani, duara la chuma linalokaa baina ya mpini na makali ili mkono usiteleze. Wenyewe wanakiita tsuba. Kazi ya Naheed ilikuwa kuvitambua vyuma kama hivi: kila kimoja kilifuliwa wapi, lini, na fundi wa aina gani. Hiki kilitobolewa umbo la bata bukini wawili, na tundu la kati lilikuwa na vipande vya shaba vilivyogongomewa kila kilipohamishiwa upanga mwingine. Jina la fundi halikuwapo. Ushahidi wote ulikuwa kwenye kutu, kutu nyeusi iliyoiva, ambayo Naheed aliisoma kwa ncha za vidole amefumba macho. Miaka mia tatu, na mama ameimaliza asubuhi moja kwa ukwaju na waya wa kusugulia sufuria.

Hasira iliyompanda haikuwa ya chuma peke yake. Ilikuwa ya miaka sita ya kumpeleka mama hospitali, kumhesabia vidonge, kukataa safari na wachumba. Yote ilimtoka kwa mkupuo.

"Kila changu lazima ukiharibu? Mikono hiyo ikauke, Mama. Ikauke."

Bi Shahbanu alijifuta mikono kwenye kanga. 

Asubuhi yake Naheed alisikia nyundo jikoni, chuma juu ya chuma, polepole. Alipoingia alimkuta mama peke yake na kikombe cha chai, vidole vimekuwa vyeusi.

"Umetia hina?"

"Mjane mzima, hina ya nini?"

Naheed akamshika. Ngozi ilikuwa baridi na ina chembechembe. Vidole vyake viliitambua kabla yeye hajataka kuitambua. Ilikuwa kutu ileile.

Tangu hapo, kila alipokasirika, iwe ni kwa simu ya mteja au kwa gari lililokwama kwenye theluji, kutu ilipanda. Kufika Alhamisi ilikuwa viwikoni, na mama hakuweza tena kukunja ngumi wala kushika tasbihi, na katika vyumba visivyo na mtu, mchana kweupe, ikawa inasikika sauti ya Naheed mwenyewe, kwa ukali uleule, ikisema mikono hiyo ikauke, mikono hiyo ikauke, na kila ikisema nyundo inagonga.

Bwana Anverali, mzee anayejua kusomea wagonjwa, aliendesha gari kutoka mji jirani wa Mississauga. Alitoa betri kwenye king'ora cha moshi, akafukiza udi, akaanza kusoma. Bi Shahbanu akainua kichwa, na sauti iliyomtoka haikuwa yake.

"Nani kaivunja nyumba yangu? Nimelala ndani ya kutu ile tangu fundi wangu afe na hasira zake. Naitaka mikono iliyonivua."

"Usimjibu," Bwana Anverali alimnong'oneza Naheed. "Huyu chakula chake hasira."

Lakini Naheed alikasirika, na safari hii alijua amkasirikie nani.

"Kanuni ya kazini ni kwamba kisitoke kabatini," alisema. "Mimi ndiye niliyekileta, nikakiacha juu ya sinia zake, halafu nikamlaani mama yangu. Mwachie. Ukitaka mikono, hii hapa."

Nyundo ikagonga mara moja. Bi Shahbanu akakohoa, akaangalia mikono yake safi, laini, akaomba chai. Bwana Anverali alimshukuru Mungu, akaaga haraka, akasahau hata udi wake.

Jioni Naheed alipapasa ukingo wa sinia na vidole havikusikia kitu. Akawasha taa. Ncha zote kumi zilikuwa nyeusi.

Mama alikuwa ameshaona. Bakuli la ukwaju lilikuwa tayari mezani.

"Lete nikusugulie, mwanangu."

Naheed akaficha mikono mgongoni. "Usiniguse, Mama. Nakuomba."

"Nikuache hivi, na mie nipo?"

Bi Shahbanu akamvuta kifundo cha mkono, akaanza kusugua taratibu, kwa mapenzi yote aliyonayo, na kutu ikaanza kutoka. Naheed alikaza meno. Alijaribu kufikiria ugonjwa wa mama, uzee wake, chochote kile cha kumtia huruma, na bado hasira ikapanda kifuani, hasira nzee kuliko yeye na mama yake, mpaka akasikia meno yanaachana na mdomo wake unafunguka kwa maneno yaleyale.