Kipasuasanda wa Sindeni

Hili lilimpata binamu yangu Hiza, na kila nikilikumbuka nachemka. Hiza ana digrii ya wanyamapori. Mimi nina ya uchumi. Wote tulikuwa tunauza machungwa Segera, tukikimbizana na madirisha ya mabasi. Thank you, chuo kikuu.

Masika haya akapata kibarua. Kusikiliza ndege! Bosi mmoja wa mradi anamtafuta ndege adimu wa usiku, anayepita Handeni akirudi Ulaya. Kwetu ni kipasuasanda, ndege wa kifo. Akilia juu ya nyumba yenye mgonjwa, tunatupa chumvi motoni na kunyamaza. Hajibiwi, wala haitwi.

Bosi anataka aitwe. Kampa Hiza spika yenye sauti ya ndege huyo. Piga, subiri, rekodi. Ukimpata, mkataba. Usipompata, rudi kwenye machungwa.

Hiza akafikia Sindeni kwa bibi yetu Mashavu, aliyekuwa anaumwa kifua.

"Bibi, leo naenda kumwita ndege."

"Aje amchukue nani, mjukuu wangu? Mimi?"

"Bibi nawe! Hii sayansi."

"Haya, sayansi. Si ukamwitie kwa mama yake huyo bosi!"

Usiku akajibanza nyuma ya shamba la mihogo. Akapiga spika. Kimya. Akapiga tena. Hata vyura wakanyamaza.

Akajibiwa.

Si porini. Nyuma yake. Juu ya bati la bibi.

Alijua inatakiwa chumvi. Lakini kinasa sauti kilikuwa kinarekodi, na bosi alitaka sauti safi, bila kelele za miguu. Mkataba. Akabaki palepale. Akabana pumzi mpaka ndege aliponyamaza. Jamani!

Alipoingia, bibi alikuwa kifudifudi kando ya mafiga. Mkono umenyooka. Kiganja kimejaa chumvi. Haikufika motoni.

Tukazika kesho yake, mvua ikanyesha. Bosi, aliyekwisha kutumiwa ile sauti, akamtumia Hiza meseji: "Congratulations! Perfect recording." Nilitamani kuitupa ile simu chooni.

Asubuhi iliyofuata tukaenda makaburini. Juu ya udongo laini, nyayo kama za ndege. Zilianzia katikati ya kaburi. Za kwenda hazikuwepo. Za kutoka tu, zimefuata njia, mpaka chini ya dirisha la Hiza.

Akachuchumaa. Akazihesabu kwa kidole.

"Kaka," akanong'ona, "ndege hana vidole vitano."

Hapo ndipo digrii yake ilipofanya kazi.