Mlio wa Nne

Mlango wa shangazi haukuwa na kengele, na hata kama ungekuwa nayo isingesaidia kitu. Kila siku akitoka shule, Chiriku alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akafungua kwa ufunguo alioufunga kwenye uzi shingoni, akasema, "Shikamoo, shangazi," kisha akavua viatu bila kungoja jibu. Jibu halikuwa na kawaida ya kuja. Shangazi alikuwa mezani, amempa mgongo, hedifoni nyeusi zimemziba masikio, vidole vinakimbia juu ya vitufe. Karibu na miguu yake kompyuta ilinguruma kama pikipiki inayopanda mlima.

Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, na baba, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa amemleta kwa dada yake mwanzoni mwa muhula. Shule ilikuwa ngeni. Wenzake darasani walikuwa na marafiki wa tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya mmoja zaidi. Baba ndiye aliyempa jina hilo la Chiriku, kwa kuwa zamani alikuwa mtoto wa maneno, akiamka tu anaanza kusema, hadi usingizi unapomkatiza katikati ya neno. Siku hizi jina lilibaki, maneno yakaisha. Aliujua mgongo wa shangazi kuliko uso wake.

Si kwamba shangazi alikuwa mkali. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Ofisi mbalimbali zilimletea sauti zilizorekodiwa, za mikutano, za mahojiano, za wazee wakisimulia mambo ya zamani, naye akaziandika neno kwa neno. Mtu akikohoa, aliandika kwenye mabano kwamba amekohoa. Mtu akisita, aliandika kwamba amesita. Hakuna kilichompita, ila kile kilichosemwa nyuma ya kiti chake.

Jioni moja, wakati wa kula, Chiriku alijikaza akauliza, "Shangazi, kwa nini hutumii zile spika?"

Shangazi alizitazama spika mbili zilizojaa vumbi juu ya rafu. "Kwa kelele hizi? Hata mtu akipiga zumari sitamsikia. Feni inayopooza prosesa imechoka. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, ukifanya kazi unapata joto, na feni ikizeeka inapiga kelele nyingi kuliko kazi. Kama baadhi ya watu ofisini."

Chiriku alicheka. Ulikuwa muda mrefu tangu acheke ndani ya nyumba ile.

"Kwa hiyo feni ikinyamaza, utavua hedifoni?"

"Nitazitungika msumarini, zikae huko kama kofia ya mstaafu."

Usiku huo Chiriku alilala na wazo moja. Feni ikinyamaza, shangazi atageuka.

Shangazi alikubali kununua nyingine, lakini hakuwa na nafasi ya kwenda dukani. Alifungua kasha la kompyuta, akampa Chiriku rula, naye akapima kutoka kwenye prosesa hadi mahali unapofika mfuniko wa pembeni. Jumamosi akaenda peke yake.

Fundi wa duka alikuwa mtu mnene mwenye miwani kichwani, aliyemwita kila mteja bosi.

"Feni ya prosesa, bosi? Unataka ya kung'aa au ya kufanya kazi?"

"Nataka isiyopiga kelele," Chiriku alisema. "Na iwe rahisi kufunga."

Fundi aliweka tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa na taa za rangi zote. "Hii ni bibi harusi," alisema. "Inapendeza, na inaongea mpaka asubuhi." Ya pili ilikuwa ndefu kama jengo, yenye mapezi mengi ya bati. Ilikuwa kimya kuliko zote, lakini Chiriku alipotaja kipimo chake, fundi alitikisa kichwa. "Mfuniko hautafunga. Na hii lazima uitoe nje bodi nzima inayobeba prosesa, ufunge chuma kwa nyuma. Siyo kazi ya kujaribia." Ya tatu ilikuwa fupi, yenye feni pana nyeusi na miguu minne ya plastiki.

"Feni ndogo inapiga kelele kwa sababu inakimbia," fundi alieleza. "Hii pana inatembea tu na kupeleka upepo uleule. Mwenye miguu mirefu hana haja ya kukimbia, bosi. Na kuifunga hakuhitaji bisibisi. Miguu inaingia kwenye matundu manne ya bodi, unabonyeza, unasikia tak. Lakini nisikilize vizuri. Usibonyeze kwa kuzunguka. Bonyeza mmoja, kisha ule wa pembe ya mkabala, kwa mshazari. Ukizunguka, wa mwisho utakugomea. Na zihesabu. Ukisikia tak tatu, hujamaliza."

Akampa na kichupa cha pesti ya kijivu, inayofanana na dawa ya meno, ya kupaka kidogo kati ya prosesa na feni ili joto lipite.

"Nani atakufungia?"

"Shangazi," Chiriku alisema. Lakini njiani alibadili nia. Alitaka shangazi akute kimya, aulize nani amefanya kazi hii, na yeye awe ndiye wa kujibu.

Bahati ikamwangukia. Shangazi alikuwa na kazi ya kupeleka ofisini, akatoka. Chiriku alichomoa waya wa umeme, akalilaza kasha sakafuni, akatoa feni ya zamani iliyovaa vumbi kama koti. Alifuta prosesa kwa kitambaa, akapaka pesti, akaiweka feni mpya juu yake. Furaha ikamharakisha. Alibonyeza mguu wa kwanza. Tak. Akabonyeza uliokuwa karibu. Tak. Akabonyeza uliofuata. Tak. Ndipo alipokumbuka habari ya mshazari, lakini ulikuwa umebaki mmoja tu.

Mguu wa nne ulikataa. Alisukuma kwa kidole, kisha kwa vidole viwili, hadi vikawa vyeupe kwenye ncha. Ulizama kidogo, ukasimama, haukulia. Alijua la kufanya. Alipaswa kuitoa yote, afute pesti, aanze upya. Wakati huohuo alisikia viatu vya shangazi kwenye ngazi.

Alirudisha mfuniko, akasimamisha kasha, akachomeka waya.

"Tayari?" shangazi aliuliza kutoka mlangoni, akiiona feni ya zamani sakafuni.

Chiriku alisita. "Tayari, shangazi."

Kompyuta iliwaka. Shangazi alisimama akisubiri kishindo, na kishindo hakikuja. Ilisikika sauti ndogo tu, kama ya mtu anayepuliza chai katika chumba cha pili.

"Umefunga mwenyewe? Peke yako?"

"Peke yangu."

Hedifoni zikaenda msumarini. Jioni ile shangazi hakuwa na kazi nzito, na waliketi mezani wakatazamana. Aliuliza habari za shule, na Chiriku akamweleza kuhusu dawati la nyuma, na msichana mmoja aliyemwazima kifutio kisha asiseme neno tena. Shangazi alisikiliza kama anavyosikiliza watu wa kwenye mashine, kichwa kimeinama kidogo. Ndiyo jioni ambayo Chiriku alikuwa ameingoja muhula mzima. Lakini kila alipocheka, jicho lake lilirudi kwenye lile kasha, kwenye pembe ulipokuwa mguu wa nne.

Siku ya pili shangazi alianza kazi kubwa, mahojiano marefu ya kupelekwa kesho yake. Alifungua spika, na sauti ya mzee mmoja ikajaa chumbani. Chiriku alikuwa karibu, anafanya hesabu. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha feni ikaanza kupandisha sauti. Kwanza ilipuliza, halafu ikavuma, halafu ikalia kama nyuki aliyefungiwa koponi. Skrini ikawa nyeusi. Mzee akakatika katikati ya neno.

Shangazi aliiwasha. Ikawaka, ikavuma, ikazima tena. Kurasa alizokuwa ameandika tangu asubuhi zilikuwa hazijahifadhiwa.

"Yule fundi ametuuzia takataka," alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Chiriku. "Nitampigia, na leo leo atakuja kuichukua feni yake. Nipe ile ya zamani. Afadhali kelele inayofanya kazi."

Akanyoosha mkono, akazitoa hedifoni msumarini na kuzivaa shingoni. Kisha akachukua simu.

Chiriku aliona yote yakirudi mahali pake, kelele, hedifoni na mgongo. Angeweza kunyamaza. Fundi angelaumiwa, feni ingerudishwa, na hakuna ambaye angejua. Lakini angekaa tena nyuma ya kile kiti, safari hii akiwa na neno moja asiloweza kumwambia mtu yeyote. Na akisema, shangazi huenda asigeuke tena kabisa. Simu ilikuwa inaita.

"Shangazi, usimlaumu," alisema. "Feni ni nzima. Ni mimi."

Shangazi alimtazama.

"Mguu mmoja haukuingia. Fundi alinionya nisikie mara nne, nikasikia tatu. Ulikuwa unapanda ngazi. Nilikwambia tayari, na haikuwa tayari."

"Haloo, bosi," simu ilisema.

Shangazi aliisogeza simu mdomoni. "Haloo, fundi. Nilikuwa na maneno mengi ya kukwambia, yameisha. Nina swali moja tu. Pesti ile inatosha kupaka mara ya pili?"

"Inatosha hata mara tatu. Kwani bosi mdogo alizunguka?"

"Alizunguka," shangazi alisema.

"Wote huzunguka," fundi alijibu, akakata.

Walilaza kasha sakafuni pamoja, wakapiga magoti huku na huku. Shangazi aliachia miguu mitatu iliyoshika, akainua feni. Pesti ilikuwa imetandaa upande mmoja tu. Upande wa pili ilikuwa bado kitone, haijaguswa, na joto la prosesa halikuwa na pa kupitia. Walifuta, wakapaka upya.

"Bonyeza wewe," shangazi alisema. "Mimi nitasikiliza. Ndiyo kazi yangu."

Chiriku alibonyeza. Tak. Akaenda pembe ya mkabala. Tak. Akarudi kwenye ya tatu.

"Hiyo haikulia vizuri," shangazi alisema, sikio lake likiwa karibu kugusa bodi. "Imelia nusu. Ongeza."

Akaongeza. Tak. Na mguu wa nne, ule mkaidi, ukaingia kwa kidole kimoja kama uliokuwa ukingoja kuombwa vizuri. Tak.

Hawakusimama mara moja. Shangazi alikaa palepale sakafuni, akajifuta pesti kwenye kucha.

"Kurasa zangu zimepotea," alisema. "Nitaziandika tena, na leo nitachelewa kulala. Hilo ulijue, kwa sababu limetokea kweli. Kazi iliyobaki kidogo haijaisha, Chiriku. Ukiifunika, haiachi kuwa mbovu, inakungoja siku unapoihitaji sana. Ungeniambia jana, ingetugharimu dakika chache na kitambaa."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Umesema mwenyewe, kabla sijamvunjia heshima mtu asiye na kosa, na huo ni ujasiri ambao watu wazima wengi ninaowaandika hawana." Kisha akaongeza polepole, "Lakini sikiliza na langu. Jana ulisita kabla ya kusema tayari. Nilisikia. Ingekuwa kwenye mashine, ningeweka mabano. Kwa kuwa nilitaka iwe tayari, nikajifanya sikusikia. Na si jana tu. Ukirudi shuleni mimi hujua. Hata kwa hedifoni, mlango ukifungwa meza hutikisika. Huwa najisemea nimalize ukurasa huu kwanza, kisha nitageuka. Na ukurasa haujawahi kwisha. Kwa hiyo usidhani ni feni tu iliyokuwa mbovu humu ndani. Kusema kweli ni kazi ya mmoja, kusikia ni kazi ya mwingine, na mmoja akiiacha yake, nyumba haifungi sawasawa."

Waliwasha kompyuta. Shangazi alirudi kitini, na Chiriku kwenye hesabu zake. Mzee wa kwenye spika alianza tena pale alipokatika, akasimulia habari za daraja lililojengwa alipokuwa kijana. Feni ilipuliza chai yake katika chumba cha pili, na haikupandisha sauti.

Baada ya muda shangazi alibonyeza kitufe. Mzee akanyamaza. Kiti kikageuka.

"Umesema kitu?"

"Hapana, shangazi. Sijasema."

"Nilidhani umesema," shangazi alisema. Hakukirudisha kiti. "Basi sema."